Mkono wa Mpwa Wangu na Ushauri Wangu wa Sheria

Jumatatu, 4 Machi
Plasta imetolewa leo. Mpwa wangu, binti wa dada, amerudi kutoka hospitali na mkono wa kulia mwembamba kama mwiko. Wiki sita tangu mashine ya kupiga pasi kola kiwandani imbane vidole vinne. Daktari kasema mifupa imeunga vizuri. Mtaalamu wa viungo kampa mpira laini aubinye, akunje na kukunjua vidole kila saa, hata vikiuma. Msimamizi anamwekea cherehani yake hadi mwisho wa mwezi.

Habari mbaya sana kwa kesi. Mkono ukipona, fidia tudai ya nini? Nimewaeleza dada na mpwa. Sheria naijua. Niliwahi kukaa kizimbani siku nne, shahidi wa ng'ombe aliyegongwa na lori, na hakimu akasimamisha kesi zote za jengo zima anisikilize mimi. Dada kasema zilikuwa dakika kumi, na ng'ombe mwenyewe alikuwa mbuzi. Dada hana kumbukumbu.

Jumatano, 6 Machi
Mpira nimeuchukua. Mkono nimeufunga kwa shati langu la zamani, kuanzia kucha hadi kiwiko. Hakuna kukunja chochote mpaka daktari wa bima ya kiwanda auone ulivyo. Mpwa kauliza, Mjomba, na ukikakamaa? Nimemwambia ukikakamaa ndiyo vizuri, tukishalipwa ataukunja mpaka achoke. Kanishikia fundo nikaze. Mtoto mtiifu, kalelewa vizuri, na mimi nilikuwepo.

Kiwanda nimekiandikia barua kwa wino mwekundu. Nimechonga na muhuri. Umeandikwa MSHAURI MKUU. Mshauri mdogo hayupo, lakini hilo nani ataliuliza.

Jumamosi, 9 Machi
Miwani kaja bila kualikwa. Ni jirani, karani mstaafu wa mahakama, mwenye miwani nene kama kitako cha glasi. Kamwambia mpwa atunze kila karatasi ya hospitali, atafute wakili mwenye leseni, na afanye mazoezi bila kukosa. Eti sheria inamtaka aliyeumia ajitahidi kupona, na akizembea, madhara ya uzembe wake yanakatwa kwenye fidia.

Nimemwuliza yeye aliwahi kuumia wapi. Kasema hajawahi. Nikamwambia basi. Mtu kabeba mafaili miaka thelathini, anadhani kayasoma. Dada hakucheka. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nikikosea aniite mbwa.

Alhamisi, 21 Machi
Nimemkuta mpwa jikoni, shati kalifungua kwa siri. Alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha blauzi yake mwenyewe. Vidole vinakwenda pamoja kama meno ya kitana. Kajaribu, kajaribu, mwisho kakifunga kwa mkono wa kushoto na meno. Nilisimama mlangoni. Sikupenda kuona.

Nikaingia, nikaufunga tena mkono, nikaandika kwenye faili: ushahidi mzito.

Jioni nimemfundisha kuugulia maumivu. Kuna kuugulia kwa hatua tatu: ya mlangoni, ya kwenye kiti, na ya kuguswa. Kasema hahitaji kufundishwa, Mjomba, unauma kweli. Nimemwambia sawa, lakini bila mpangilio hakutasikika.

Jumanne, 2 Aprili
Leo daktari wa bima. Mwanamke mdogo, sauti ya upole. Hao ndio wabaya. Kaushika mkono muda mrefu. Kamwambia mpwa afunge ngumi. Haikufungika. Afungue kiganja. Hakikufunguka. Nikasema kimoyomoyo, tumeshinda.

Ndipo akamwuliza kama alifanya mazoezi aliyopewa. Niligonga kiti kwa goti. Mpwa kasema hapana, mjomba alikataza. Hivi hivi tu, kama anaulizwa saa. Daktari kaniangalia, kisha kaangalia muhuri wangu juu ya faili, kisha kaandika. Kasema mishipa imeshikana. Pengine upasuaji utasaidia kidogo, pengine hautasaidia.

Njiani mpwa kaniuliza kama "kidogo" inatosha kushona kola. Nimemwambia madaktari wanapenda kutisha watu.

Ijumaa, 12 Aprili
Barua ya bima. Wanalipia ajali. Kukakamaa hawalipii, eti kumetokana na kupuuza matibabu. Kiwandani nako cherehani ina msichana mwingine. Mpwa kapewa kazi ya kuchambua vifungo, mshahara nusu.

Nilidhani dada atapiga kelele. Hakupiga. Kaninawisha mikono, kanipakulia, kaketi, katazama ukuta. Hata mbwa hakuniita. Mpwa ndiye aliyesema, Mjomba kula, ulikuwa unanisaidia. Chakula kilinishinda. Nimesema ni tumbo.

Kosa nimeshaliona. Tulichelewa kufunga. Tungefunga siku ile ile ya ajali, juu ya plasta, wasingepata pa kuingilia.

Jumapili, 14 Aprili
Fundi rangi wa nyumba ya pili kaanguka kutoka kwenye ngazi ya tajiri wake. Kifundo cha mguu kimevimba kama papai. Kaja kwangu akichechemea, maana sifa zinatembea. Nimemwambia asiende hospitali upesi. Akae siku tano, uvimbe ukomae, tupige picha, ndipo tuandike barua. Alikuwa anaafiki kabisa.

Mpwa alikuwa anaanika nguo. Kaacha, kaja, kasimama kati yetu, mgongo kwangu. Akamwinulia fundi mkono wa kulia.

Fundi kautazama. Kisha kamwomba dada amwitie gari la hospitali, na hakuniaga.

Mimi nilikuwa nyuma, sikuona kaonyeshwa nini. Faili la fundi nimelifungua hata hivyo.