Vitambaa Visivyotaka Maji

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Siku ya kihistoria kwa usafi wa mji wa Songea. Mji wenyewe haujajua.

Mzee Daimu, mfanyabiashara wa tumbaku kutoka Namtumbo, amemaliza hoteli yake ya ghorofa. Inafunguliwa Ijumaa, Nane Nane, wageni wa maonyesho wakiwa wengi. Anatafuta mtu wa kuisafisha mwaka mzima. Tumebaki wawili. Mimi, mkaguzi wa shule mstaafu na mwanzilishi wa Usafi wa Kitaalamu, Sipriani na Wenzake. Na Pankrasi, aliyekuwa bwana afya, mtu ambaye tangu ujana wake anajua vitu viwili tu: chokaa na kelele. Mimi nimepewa chini, yeye juu. Alhamisi Mzee Daimu atakagua na kuchagua.

Pankrasi amekuja na ndoo. Ndoo! Karne ya ishirini na moja!

Mimi nina vitambaa vya maikrofaiba. Nieleze, maana hata shajara inastahili elimu. Uzi wake ni mwembamba kuliko unywele, tena umepasuliwa, hivyo hunasa vumbi badala ya kulihamisha. Maji kidogo tu, kitambaa kiwe na unyevu kama pua ya mbwa. Kisha rangi. Nyekundu ni ya vyooni, njano ya masinki, kijani ya jikoni, bluu ya meza na vioo. Hakuna kuchanganya. Aliyekosea hiki na kile huwapelekea wageni choo mezani.

Nilivipata kwa Mussa, mwenye duka pale Mfaranyaki, aliyevileta kutoka Dar es Salaam. Akataka kitu cha kubadilishana. Nikampa cherehani ya Renatha, mke wangu. Nikishapata hoteli, namlipa Mussa na cherehani inarudi. Nisipopata, ni yake. Jambo la kitaalamu kabisa.

Renatha nimemwambia iko kwa fundi. Akasema iwahi, ana sare za kwaya za kushona kwa ajili ya Kupalizwa Mbinguni. Nikamwambia fundi ni mwangalifu. Mafundi waangalifu huchelewa.

Jumanne, 5 Agosti

Wale Wenzake wa kwenye jina la kampuni wameanza kazi. Ni Otto na Oliva, watu wazima, wenye nguvu, na vichwa vilivyofungwa kwa kufuli.

Nimewafundisha kwa ubao asubuhi nzima. Kitambaa hukunjwa mara mbili, unapata nyuso nane safi. Upande ukichafuka, geuza. Nikawasomea na maandishi ya kwenye paketi: usichemshe, usipige pasi, joto huua uzi. Nikauliza kama kuna swali. Otto akauliza ndoo iko wapi.

Mzee Daimu akapita mchana. Tukamwamkia. Akaangalia meza, akaangalia sakafu, akavuta hewa kwa pua, akaniuliza tunaanza saa ngapi. Nikamjibu kwa upole kwamba tumemaliza. Akasema, Mwalimu, pakavu hivi! Wala hapanuki dawa! Nikamweleza kwamba harufu si usafi. Nikamkumbusha kwamba hata dini yake inamruhusu mtu kutayamamu kwa udongo. Akasema ndiyo, maji yakikosekana, na yeye hapa amevuta bomba. Oliva akacheka. Nimemwandikia onyo kichwani.

Huko juu Pankrasi alikuwa anamwaga maji kama anayezima moto wa msituni. Yakashuka ngazi hadi kwenye eneo langu. Nilipomwita akachungulia kutoka juu, akanipigia kelele mbele ya mafundi umeme: Sipriani bwana, hayo ni maji, usiogope, hayaumi! Mafundi wakashangilia. Mtu wa chokaa huyo.

Nimetafakari njia nzima hadi nyumbani Mjimwema. Umma una pua lakini hauna akili. Vema. Tutaihudumia pua.

Jumatano, 6 Agosti

Mapema, kabla ya wengine kufika, nimelowesha tambara bovu kwa ile dawa ya choo yenye harufu ya misonobari. Nikalificha nyuma ya kabati pale chini ya ngazi. Si udanganyifu. Ni saikolojia. Mapokezi yote yalinukia kama msitu wa Matogoro baada ya mvua. Hajui mtu ila mimi.

Baadaye mambo yakaharibika, na kosa ni la sakafu.

Sakafu ya Mzee Daimu ni ya saruji, imepakwa polishi nyekundu na kusuguliwa kwa brashi mpaka unaweza kuhesabu meno yako. Ndiyo fahari yake. Wanaoingia huvua viatu mlangoni. Niliwaagiza Otto na Oliva waipanguse kwa vitambaa vya bluu. Oliva akasema, Mwalimu, hiyo polishi si itatoka? Nikamwambia kitambaa hunasa uchafu tu. Kumbe kitambaa hakijui tofauti ya uchafu na fahari ya mtu. Kilikula polishi kwa mistari mirefu. Sakafu ikawa kama punda milia mwenye surua.

Niseme wazi: sayansi haikushindwa. Ilifanya kazi kupita kiasi.

Vitambaa vya bluu viliposhiba wakachukua vya kijani. Halafu vya njano. Nilipotoka jikoni kukagua, kila kitambaa kilikuwa chekundu. Vya vyooni, vya jikoni, vyote ndugu. Nikauliza kipi kilitoka chooni. Otto akajitolea kuvinusa. Nikakataa, kwa heshima ya taaluma.

Mistari tumeifunika kwa makochi. Yamepangwa mfululizo kama ng'ombe wanaosubiri josho, lakini yamefunika. Vitambaa nimevibeba nyumbani kwenye kiroba, nikavilaza uani, nikamwambia Renatha avifue. Akauliza ni vya nani. Nikasema vya Ulaya. Akauliza vimetoka wapi. Hapo nikaona maelezo yoyote kuhusu vitambaa yatafika kwa Mussa, na ya Mussa yatafika kwenye cherehani. Kwa hiyo mimi, niliyeeleza mambo darasani maisha yangu yote, leo sikueleza kitu. Nilisema tu vifuliwe vizuri, nikaenda mazoezi ya kwaya kuimba besi.

Alhamisi, 7 Agosti

Vimefuliwa vizuri.

Renatha ni binti wa watu wa Peramiho, amelelewa na masista, na kwa masista kitu cha Ulaya kinafuliwa kwa adabu. Alivichemsha. Akavisuuza. Akapika wanga wa muhogo, akavitumbukiza. Akaanika. Kisha akawasha pasi yake ya mkaa na kuvinyoosha kimoja kimoja, akavikunja pembe kwa pembe. Asubuhi akanikabidhi kifurushi akitabasamu. Akaniambia, baba Aidani, usiniaibishe tena kubeba matambara kwenye kiroba.

Rangi moja vyote, ya waridi. Nilishika kimoja. Kikasimama chenyewe. Kama samaki mbasa aliyekaushwa.

Nilisema asante.

Muda wa kuvifua upya haukuwepo. Nikawaambia Otto na Oliva wavitie unyevu, vitalainika. Vililainika. Wanga ukawa uji. Wakapaka uji kwenye meza, kwenye vishikio vya milango, na kwenye kile kioo kikubwa cha mapokezi. Nilipofika walikuwa wanausambaza kwa bidii, wakigeuza nyuso nane kama nilivyowafundisha. Kwa mara ya kwanza wamefuata somo.

Mzee Daimu akaingia, Pankrasi nyuma yake kama mkia. Akasimama mbele ya kioo, akajitazama. Akauliza yule mzee mwenye ukungu ni nani. Pankrasi akacheka hadi akashika ukuta. Kisha Mzee Daimu akataka kukaa, akavuta kochi. Mistari ikajitokeza. Akainama, akapitisha kidole juu ya mstari mmoja. Afadhali angefoka. Akaniuliza polepole, Mwalimu, sakafu yangu umeichapa viboko?

Nikaanza kueleza habari za uzi uliopasuliwa. Akainua mkono. Alikuwa amefika chini ya ngazi. Akavuta hewa. Akafumba macho. Akasema, lakini hii harufu, hii harufu ndiyo usafi! Inatoka wapi?

Tambara langu! Tambara langu lilikuwa linaongea kwa niaba yangu!

Nikafungua mdomo. Lakini Mzee Daimu alikuwa ameshainua uso kutazama ngazi, akajibu mwenyewe: inashuka kutoka juu, kwa Bwana Afya. Akampa Pankrasi mkono. Akasema kazi ni yake mwaka mzima.

Pankrasi hatumii dawa ya kunukia. Hajawahi. Yeye ni majivu, sabuni ya mche na chokaa. Nilimtazama nikisubiri aibu imshike. Akainama kidogo, akasema ni siri ya taaluma, mzee wangu.

Ningeweza kusema ukweli. Ningelichomoa tambara nyuma ya kabati, nikaliinua juu mbele ya watu, nikathibitisha kwamba mimi, bingwa wa maikrofaiba, nilificha dawa ya choo ili kumdanganya mwenye hoteli. Nikapima. Nikafunga mdomo. Kuna ushindi ambao mtu mwenye heshima hawezi kuudai.

Nikatoka na kifurushi changu cha waridi. Otto akanifuata hadi barabarani kunifariji. Akasema tungekuwa na ndoo, Mwalimu.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Nilikwenda maonyesho nikitembea pembeni ili nisikutane na watu. Nikakutana nao wote.

Banda la Mussa lilikuwa karibu na mlango. Katikati ya banda, cherehani. Nyuma ya cherehani, Renatha.

Niligeuka. Akaniita kwa sauti inayotumika kanisani pale kipaza sauti kinapoharibika. Nikaja. Akanionyesha kovu lile kwenye meza ya cherehani, pale alipodondosha pasi mwaka aliozaliwa Aidani. Akasema amemjua huyu mtoto wake kutoka mbali. Akamnyooshea Mussa kidole, akaniuliza kama huyu ndiye yule fundi mwangalifu.

Mussa alikuwa anachunguza paa la banda.

Kumbe walikuwa wameshaelewana. Mussa hana fundi wa kushona. Renatha hana cherehani. Atakaa dukani kwake Mfaranyaki, ashone za wateja mchana, na jioni sare za kwaya, mpaka cherehani itakapokuwa imejikomboa. Majirani wakauliza imekuwaje. Renatha akawajibu kwamba mume wake amemtafutia kazi. Wakanipongeza. Nikapokea.

Halafu akaniomba vile vitambaa. Nikamwambia avichukue nyumbani, sikuuliza vya nini. Vilikuwa bado kwenye kifurushi, na mimi sikutaka kuviona.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa Pankrasi akanivuta kando. Akaniuliza, kwa sauti ya chini isiyo desturi yake, kama najua ile harufu ilitoka wapi, kwa sababu imeanza kuisha na Mzee Daimu anaidai. Nikamwambia ni siri ya taaluma, mzee wangu.

Lakini kuna jingine. Nilipita hotelini, kwa bahati tu, nikachungulia. Sakafu imepakwa upya. Makochi yamerudi mahali pake. Na juu ya kila kochi, mgongoni na mikononi, kuna kitambaa cha waridi, kimesimama wima kwa wanga, kimefumiwa uzi mweupe pembeni. Renatha alivitengeneza usiku wa Nane Nane. Mzee Daimu alivinunua vyote na ameagiza vingine. Anasema hajaona kitambaa cha kochi kinachokaa imara namna hiyo.

Wamevitandaza mbele ya wageni bila hata kunitaja! Maana tuseme ukweli: nani aliviingiza vitambaa hivyo Songea? Nani alisema vinafaa hotelini? Leo maikrofaiba imo katika hoteli ile, kavu kabisa, bila tone la maji, kama nilivyoeleza Jumanne. Nilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa mahali pa kuiweka.

Nikarudi kwa njia ya Mfaranyaki. Mussa akaniita. Akasema mwezi ujao anapokea mashine ya umeme inayofyonza vumbi kwa upepo. Haitaki maji. Haitaki kitambaa. Haiwezi kupigwa pasi! Nikamweleza kanuni yake, ingawa hakuuliza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nyumbani nina nini.

Nimekaa sebuleni nikifikiri kwa utulivu. Renatha atakuwa anashinda dukani kila siku. Ile pasi yake ya mkaa itakaa bure kabatini. Na kwa yale iliyonitendea, hainidai huruma.

Akiuliza, nitamwambia iko kwa fundi.