Mswaki Ulio Karibu

Jumamosi asubuhi kijiwe chetu ni benchi la nje ya duka la mashine za kufulia, huku ughaibuni, Riverdale Park, kando kabisa ya barabara ya Route 1. Nguo zikizunguka ndani, sisi tunagombana nje. Leo Jeptoo, Mkenya anayetunza wazee na kuwashinda wote kwa mdomo, kaja na simu mkononi.

"Wasee, skizeni hii. Madaktari wa meno wanasema mswaki ibadilishwe kila miezi mitatu. Na isikae kwa kikombe moja na za wengine, zikigusana."

"Miezi mitatu?" Cosmas akaruka. Huyu ni dereva, Mtanzania, tunamwita Kijana kwa sababu ya ndevu zake nyeusi tii. "Mswaki unaisha ukikatika, bwana! Bibi yangu alitumia kijiti cha mwarobaini, akatafuna mifupa mpaka siku ya mazishi."

"Mazishi ya nani?" nikamuuliza.

"Yake!"

Alipaza sauti makusudi. Adela, mwanamke anayemfukuzia, alikuwa mlangoni anakunja mashuka, na kijiwe kizima tunajua Cosmas kamwambia kuwa yeye ana miaka thelathini na nane, na kwamba leo anataka kumwalika chakula cha jioni. Kaja kufua na koti la harusi, jamani!

Ombeni, Mkongo anayeishi na Cosmas, hakucheka. Kaziba mdomo na skafu.

"Ndugu zangu, miye nakufa."

Akashusha skafu. Mungu wangu! Meno meusi, fizi nyeusi, utadhani kala betri.

"Tangu juzi. Vraiment, kweli kabisa, kuko mtu ananiroga. Pasta anasema nifunge siku saba, bila hata maji."

"Bila maji? Aki hapo utakufa ukweli!" Jeptoo akamshika kidevu, akamkagua kama mbuzi wa mnadani. "Mswaki yako iko wapi?"

"Ku kikombe ya bafu. Iko mitatu, yote bleu, ya paketi moja."

"Mitatu? Na si mko wawili?"

"Miye sihesabu. Nakamata ile iko karibu."

"ILE IKO KARIBU?" Jeptoo akajifuta mkono kwenye suruali yangu. "Na hukuona rangi?"

"Taa ya bafu ilikufa tangu Noeli."

Ghafla Cosmas akakumbuka nguo zake. Nikamvuta koti.

"Kaa. Mashine yako bado inazunguka. Mswaki wa tatu wa nani?"

"Hata mimi nashangaa."

"Basi ni wachawi!" Ombeni akasimama. "Wameweka brosse ku nyumba yetu! Nampigia pasta, siku saba haitoshi!" Akaanza kubonyeza simu, machozi yanamtoka kweli.

Cosmas akamtazama Adela, akamtazama Ombeni, akamrudia Adela. Nilimwonea huruma, na mimi si mtu wa huruma.

"Kata simu," akasema kwa sauti ndogo. "Ule wa tatu ni wangu. Wa piko. Wa kupakia ndevu rangi."

Jeptoo aliteleza kutoka kwenye benchi kwa kicheko. Ombeni akabaki mdomo wazi, bora asingeufungua.

"Miye nasugua meno na ndevu yako?"

Adela akaweka mashuka chini, akaja taratibu.

"Cosmas, mvi zako nilishaziona zamani. Kila Alhamisi zinachungulia. Hamsini na ngapi?"

"Na mbili."

"Umri nakusamehe. Lakini kunialika chakula huku nyumbani mna mswaki wa ujamaa! Duka la dawa lile pale ng'ambo. Kanunue mipya, kila mtu na wake, na kikombe chake. Ukirudi ndiyo tuongee habari ya chakula."

Cosmas alikuwa keshafika katikati ya barabara, magari yanampigia honi, alipogeuka.

"Nichukue rangi gani?"

"Yoyote!" Adela akamjibu. "Nyeusi imetosha!"