Simu Chini ya Meza ya Kola

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimepata akili. Juzi nilimlalamikia mke wangu kuhusu goti, kesho yake simu ikaniletea matangazo ya dawa za magoti. Kumbe inasikiliza! Wengine hukasirika. Mimi nimeona nafasi. Fundi cherehani mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Kola kwa jinsi anavyojisifia kola zake, anainyemelea tenda ya sare za walinzi wa kiwanda. Lazima nijue mipango yake. Nimechukua simu yangu ya zamani, yenye akaunti ileile, nikaenda kwake kuazima mkasi, nikaizamisha kwenye gunia la vipande vya vitambaa chini ya meza yake. Yeye aongee, kampuni isikie, matangazo yaje kwangu. Mkasi wenyewe butu.

Jumanne, 4 Juni
Kimya. Magoti tu. Mke wangu kaniuliza mbona naikodolea macho simu kama nasubiri majibu ya mtihani. Nikasema ni kazi. Mama mkwe, aliyekuja kwa wiki mbili na sasa ana mwezi wa nane sebuleni, akaguna.

Jumatano, 5 Juni
Yamekuja! Asubuhi: chumba kimoja cha kupanga, choo ndani. Mchana: gari la kuhamisha mizigo. Saa kumi: masanduku yenye magurudumu. Kola anahama! Nimebonyeza kila tangazo nipate undani, yakaja mengine ishirini. Kwa furaha nimempunguzia mteja mikono ya koti. Alitaka kiuno.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwambia kila apitaye kwamba Kola anafunga duka. Nimekwenda hadi kwa meneja wa kiwanda kumshauri asihangaike na mtu anayehama. Akasema atamuuliza mwenyewe. Na amuulize!

Ijumaa, 7 Juni
Siku mbaya. Kola kavuka barabara na simu yangu mkononi. Akasema kwa upole kwamba aliikuta kwenye gunia Jumatatu ileile, imezima, hana chaja yake, alikuwa akingoja mwenyewe aiulizie. Akaongeza kwamba hahami, na kwamba meneja amecheka hadi machozi.

Imezima tangu Jumatatu! Basi matangazo yametoka wapi? Nikampigia binti yangu, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni na analala bweni. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Baba, hawahitaji kusikia," akasema. "Wanajua mnakaa nyumba moja na mnatumia intaneti moja. Mmoja akitafuta kitu, tangazo linamfuata na mwenzake. Na wewe ukibonyeza, wanakuongezea."

Akanikumbusha kwamba goti niliandika mwenyewe kwenye simu, nikitafuta dawa.

Nyumba moja. Chumba kimoja. Masanduku. Mama mkwe ana simu ya batani, haijui intaneti. Anabaki mke wangu. Miaka ishirini na mbili ya ndoa! Nimejaribu kukumbuka yote niliyomkosea, nikafika mwaka wa tatu nikachoka.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeamka kabla yake, nimefagia, nimechemsha chai, nimepiga pasi hata matambara ya jikoni. Akaniuliza nimevunja nini. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza anahama lini.

Akaweka kikombe chini. "Mimi nihame niende wapi? Chumba ni cha mama. Amechoka kulala sebuleni akikusikiliza unavyokoroma. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia bila kukuumiza."

Kuniumiza! Nimekaa sakafuni nikalia kidogo. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Haendi popote! Anayehama ni mama mkwe! Mama mkwe, aliyesikia yote kutoka sebuleni, akadhani namlilia yeye, akanishika bega, akaahidi kuja kila Jumapili. Sikumsahihisha.

Jumatatu, 10 Juni
Kola amepata tenda. Hainiumi hata chembe, mke ninaye. Ila mtu hawezi kuishi roho juu, nikataka uhakika. Nimekuta mtandaoni jaribio zuri mno: Je, Mkeo Atakuacha? Maswali arobaini, majibu papo hapo. Nimejaza yote: jina lake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, anapopenda kwenda, tunachogombania. Wakaomba picha zake na namba za dada zake watatu, nikawapa. Wakaomba ruhusa ya kitu ambacho sikukielewa, nikaruhusu. Matokeo: asilimia tisini na mbili, haniachi! Moyo umetulia kabisa.

Jioni mke wangu kanionyesha simu yake. Tangu mchana inamletea mawakili wa talaka. Dada zake nao vilevile, yakiwa na jina lake, na wote watatu wamempigia kumpa pole. Nimemwambia asijali, hiyo ni kazi ya Kola.