Tafuta Lolote, Utampata Kamene

Jumatatu, 3 Machi
Maktaba yetu hapa Hurlingham ina nafasi moja ya kudumu. Waombaji wawili, wote tukiwa kazini kwa majaribio: mimi, Kamene, na Ndambuki. Mimi nina shahada mbili. Ndambuki ana tabasamu. Usaili ni Ijumaa.

Bi Saleha, mkurugenzi, anataka barua zetu za maombi ziingizwe kwenye kompyuta yake kongwe. Maandishi ya kijani, kipanya hakuna. Ukiona 7 kando ya neno, unaandika 7, unapelekwa kwenye waraka mwingine. Kivinjari cha kabla sijazaliwa! Anasema hakijamwangusha tangu 1993, jambo asiloweza kusema kuhusu wafanyakazi.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua siri! Ukitafuta neno, mashine haisomi waraka. Inasoma orodha ya maneno iliyoandikwa chini yake. Na mwenye orodha ndefu hutangulia. Ndambuki kaandika manne: maktaba, bidii, uaminifu, Ndambuki. Maskini.

Jumatano, 5 Machi
Nimebandika maneno elfu ishirini chini ya barua yangu. A hadi Z. Nikajaribu "ugali". Barua yangu! "Kifaru". Barua yangu!

Ndambuki akauliza ninacheka na nani. Nikamwambia ninaomba. Akanialika nyama choma Kenyatta Market. Nikakataa. Sili na maadui. Alirudi akinukia mbavu, nikateseka hadi saa kumi.

Ijumaa, 7 Machi
Usaili. Mimi na Ndambuki tuliitwa pamoja. Bi Saleha alikuja na Mzee Masila wa bodi. Kabla ya maswali akataka kumwonyesha maajabu ya mashine. Mzee Masila akachagua "uaminifu". Barua yangu! Nikauma midomo nisitabasamu.

Kisha mzee akakumbuka vitabu vilivyopotea mwaka jana. Akaomba atafutiwe "wizi".

Barua yangu.

"Uzembe". Barua yangu. "Hasara". Mzee akavua miwani, akanitazama, akaivaa tena.

Bi Saleha akafungua orodha, akaisoma kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema, kwa ule upole wa Mombasa unaotisha kuliko kelele, "makosa yote haya umeyafanya wewe, na bado ukapata muda wa kuyapanga kialfabeti?"

Ndambuki, mjinga yule, akanitetea. Akasema huenda mashine imezeeka. Bi Saleha akamjibu kwamba mashine yake haijawahi kusema uongo. Nikazama kabisa.

Jumatatu, 10 Machi
Ndambuki kapata kazi. Mimi nimepewa mwezi mmoja wa mwisho wa majaribio, nifute maneno yote. Moja moja. Kwa mkono.

Mchana Ndambuki kaniletea mbavu na kachumbari. Nimekula zote. Sijamsamehe.

Halafu nimekaa nikajichunguza kwa dhati. Nimeona kosa langu: kufuta maneno ni kuyapoteza bure. Orodha ya Ndambuki bado ina manne tu. Nafasi tele! Nimempa "aibu", "ajali" na "bangi".

Kialfabeti, bila shaka.