Jezi ya Baiskeli na Simu ya Jumapili

Jamani, leo nimeaibika, na nimeaibika nikiwa peke yangu, ndani ya nyumba yangu. Sikujua kama jambo hilo linawezekana.

Mnaonijua hapa Dilala mnajua napenda baiskeli. Tangu mke wangu Ngoie aende Manono kumwuguza mama yake aliyevunjika mguu, baiskeli ndiyo inayonitoa nje. Kazini nasalimiana na watu, jioni narudi, basi. Nyumba yenyewe ni zile za zamani za kampuni ya madini, ina vyumba vingi kuliko watu. (Watu ni mimi.)

Juzi tulipanda kilima cha njia ya Mashamba. Kyungu, fundi ninayeendesha naye, akaniangalia ninavyojinyoosha mabega, akasema, "Miguu yako iko ya mwanaume, lakini mikono iko ya mutoto. Guidon utaishika na nini?" Yaani usukani wa baiskeli.

Ni kweli. Malori ya madini yamekula barabara, na mashimo yakizidi mikono yangu inakufa ganzi. Lakini nikijaza kifua kama wabeba magunia, uzito wote huo nitaupandisha kilimani mwenyewe. Kifua hakikanyagi pedali. Nikakata shauri: nguvu kidogo huku juu, bila kuongeza kilo. Mazoezi mepesi, chakula kidogo. (Chakula kidogo kilikuwa rahisi. Jaribu kupika bukari, yaani ugali, ya mtu mmoja uone hamu inavyokwisha.)

Leo, baada ya misa, nikavaa jezi yangu inayobana nikaanza. Nikajisukuma sakafuni. Nikachukua madumu ya maji, nikayanyanyua juu ya kichwa. Mepesi, nilisema. Ila hapakuwa na mtu wa kuniambia yatosha, nikaendelea mpaka mikono ikagoma.

Kisha nikavua jezi. Ilikuwa imelowa jasho. Ikafika kichwani, ikakwama. Viwiko vimenaswa, mikono inaelekea dari, haina nguvu hata ya kufukuza nzi. Nikainama. Nikajitikisa. Nikazunguka chumba, nikagonga kabati. Ngoie angekuwepo angevuta mara moja, akanicheka, yakaisha. Nikasimama humo gizani nikamkosa vibaya sana. (Ndiyo, nimeandika. Endeleeni kusoma.)

Simu ikalia.

Hiyo ni simu ya video ya kila Jumapili, ya binti yetu Mado aliyekwenda na mama yake. Mara mbili zilizopita mtandao wa Manono ulikataa, mtoto akalala analia. Hii nisingeikosa. Simu nilikwisha kuiweka tayari juu ya kigoda, imeegemea thermos, na kupitia kitambaa niliona mwanga wake. Mikono hapana. Basi miguu. Nikatelezesha kidole gumba cha mguu kwenye kioo mpaka ikakubali.

"Papa, kichwa yako iko wapi?"

"Iko ndani ya jezi, mama yangu."

"Mama, kuya uone. Papa iko tumbo tu."

Nikasikia Ngoie anacheka, kile kicheko chake cha kushika mbavu. Sikuwa nimekisikia tangu aondoke. Karibu nilie.

"Papa Mado, unafanya nini?"

"Nilikuwa natafuta nguvu ya mikono."

"Na umeipata?"

"Toa mi humu kwanza."

"Usivute na nguvu. Enda ku mulango, tia nguo ku kitasa, halafu rudi nyuma pole pole."

Nikaupapasa mlango kwa tumbo. Kitasa kikashika. "Ngoja kwanza, huku tuko na..." akaanza Ngoie, lakini nilikwisha kurudi nyuma. Jezi ikatoka! Nikaigeukia simu natabasamu, kifua wazi, mbavu zote nje, kaptula ya baiskeli imebana kila kitu. Ngoie upande huu, Mado upande ule. Katikati, kitandani, mama mkwe wangu.

Kwetu Waluba mwanaume hata kula hali mbele ya mama mkwe wake. Mama huyu hajawahi kuniona bila shati la mikono mirefu. Akavuta kitenge, akafunika uso. Mimi nikajitupa nyuma ya kabati.

Halafu sauti yake, chini ya kitenge, haisemi na mimi: "Ngoie, uliza ule mutu. Kule hakuna mwenye anamupikia?"

"Mwambie hakuna," nikasema kutoka nyuma ya kabati.

"Basi alete kuku ya kufuta hii haya. Alete yeye mwenyewe, kuku habaitumake ku simu kama pesa. Na akifika, atakula mbele yangu."

Mtandao ukakatika hapo hapo. Nimevaa shati, nimefunga vifungo vyote, nimeanza kuandika barua ya kuomba likizo.

Naomba msicheke. Na kama lazima, njooni mchekee hapa kwangu, nitakaa barazani mpaka giza liingie.