Chevalier Magamba na Bati za Papa Alexis

Jumatano, 22 Juni 1960

Siku kubwa! Ukurasa wa nne umebandikwa leo ukutani kwa Tonton Hemedi kinyozi, na Chevalier Magamba yumo. Mara yake ya kwanza! Yuko kwenye kona ya chini, nusu amefichwa na mti, na katika picha inayofuata Simba wa Anga anamsukuma mtoni. Lakini yumo.

Niandike hapa ukweli ambao wateja wa Tonton Hemedi hawaujui. Hadithi ya picha ni ya Célestin, sawa. Simba wa Anga ni wake, na kila ukurasa mpya ukibandikwa watu husongamana pale, hata wasio na nywele za kunyoa. Mimi kazi yangu ni kupaka wino. Ila Magamba ni wangu, mimi Évariste, kuanzia pua hadi mkia. Alikuwa kakakuona wa kawaida tu, mla mchwa wa msitu wa Banalia. Siku moja akatembea mpaka kwenye bwawa la umeme la Tshopo, akalala juu ya waya. Akaamka amesimama kwa miguu miwili, magamba yamegeuka chuma, upanga mkononi, Kifaransa mdomoni: chevalier, shujaa wa upanga. Simba ana nini cha kulingana na hayo? Manyoya.

Célestin kaniambia magamba niliyachora yakitazama juu. Akanirudisha niyachore upya, moja moja. La juu lifunike mzizi wa la chini, akasema, la sivyo mvua itamwingia huyo mnyama wako mpaka mbavuni. Wivu mtupu. Nimechora mpaka vidole vimekufa ganzi.

Jumamosi, 25 Juni

Nimekwenda kwa Papa Alexis kumposa binti yake, Angèle. Nilikuwa nimejifunza maneno kwa moyo, mazuri, yenye « permettez » mbili za Kifaransa ndani yake. Sikupata nafasi ya hata moja.

Papa Alexis hufanya kazi bandarini na husema kwa uchache, kama kwamba maneno nayo hupakuliwa melini. Aliniuliza habari za banda la kuku nililoanza kumjengea wakati wa Pasaka. Lina kuta tatu. Akauliza habari za mtumbwi. Akauliza habari za masomo ya jioni ya kupiga mashine ya kuandikia. Nikakohoa. Kisha akasema:

« Évariste, miye sikatai. Lakini unionyeshe kitu moja ulianza na ukamaliza. Moja tu, bon, na tutasema mambo ya mahari. »

Na kitu chenyewe amenipa yeye! Jiko lake la uani lina nguzo na fito, halina paa. Bati mpya zimeegemea ukutani, zinameremeta, kila moja imeandikwa ALEXIS kwa rangi nyekundu ili majirani wasijaribiwe na shetani. Mama yake mzazi, Koko Augustine, anakuja kwa treni kutoka Ponthierville kuiona sikukuu ya dipanda, uhuru wetu, Alhamisi ijayo. Papa Alexis hataki mama yake anyeshewe akikaa jikoni. Nikifunika kabla ya Alhamisi, mlango uko wazi. Nisipofunika, atasikiliza watu wengine.

Watu wengine! Jana nilimwona Célestin pale langoni, akimshikia Papa Alexis baiskeli kwa heshima ya kupita kiasi.

Nimefurahi sana. Kupigilia bati, ni kazi gani? Nitaanza Jumatatu.

Jumatatu, 27 Juni

Sikuanza. Kulikuwa na mkutano kwa Tonton Hemedi, maana ndiye mkuu wa kamati ya sikukuu katika mtaa wetu. Siku ya dipanda mtaa mzima utaandamana, na mashujaa wa ukutani watatoka wakiwa hai. Célestin atakuwa Simba wa Anga, na joho ni pazia jekundu la mama yake. Wote wakapiga makofi. Tonton Hemedi akauliza kama kuna shujaa mwingine. Nikainua mkono, nikasema yupo Magamba.

Mtu mmoja akauliza kama ni yule aliyeanguka mtoni.

Wakakubali, kwa huruma. Magamba atatembea nyuma na kubeba benchi, ili Simba apate mahali pa kusimama akinguruma. Benchi! Chevalier mzima! Damu ilinipanda. Na Angèle alikuwa amesimama mlangoni, anasubiri wembe wa baba yake unolewe. Akaniuliza mbele ya watu wote Magamba atavaa nini. Nikajibu kwamba atavaa chuma. Chuma halisi, kinachometameta.

Neno likitoka halirudi. Na chuma kinachometameta kiko wapi katika mtaa huu? Nikalijua jibu kabla sijafika nyumbani.

Jumanne, 28 Juni

Nimelitafakari jambo hili kwa haki. Je, bati hupungua kwa kuvaliwa? Halipungui. Je, nitalikata? Sitalikata, nitalikunja tu. Siku ya sikukuu nitalivaa, kesho yake nitalinyoosha na kulipigilia, na Papa Alexis atakuwa na paa ambalo limekwisha kushangiliwa na watu. Kwa kweli ninamwongezea thamani.

Na Mungu mwenyewe amefungua njia. Papa Alexis amevuka mto leo kwenda kumngojea mama yake upande wa stesheni. Atarudi Alhamisi, na kutoka kwenye kivuko watakwenda moja kwa moja kutazama maandamano.

Angèle alinikuta nikiwa na bati kichwani. Nilimweleza yote. Akasema yeye hajaona kitu, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. Kisha akaleta sufuria yake kubwa iwe kofia ya chuma, kwa sharti moja: irudi kabla ya pondu, mboga ya kisamvu, kuwekwa motoni. Nampenda. Nampenda mpaka nasahau ninalotaka kuandika.

Ndiyo, jiko. Haliwezi kubaki uchi, majirani wataongea. Nimekata majani ya mangongo kando ya mto Tshopo, yale mapana wanayofungia chikwange, mkate wa muhogo, nikaanza kufunika ili kudanganya macho. Nilianzia juu. Nikashuka nitazame kutoka chini, na moyo ukanishtuka: nilikuwa naona mgongo wa Magamba, magamba yakitazama juu! Sauti ya Célestin ikanijaa masikioni. Nikabomoa yote kwa hasira, nikaanzia chini, kila jani likifunika mzizi wa lile la chini yake, safu kwa safu, kama nilivyochora. Sikuhisi hata njaa. Giza lilipoanza kuingia hapakuwa na fito iliyobaki wazi. Mgongo safi wa kakakuona!

Basi, ni kazi ya uongo tu, ya siku moja. Tuache hayo. Kesho ndiyo kazi yenyewe.

Jumatano, 29 Juni

Mavazi tayari. Bati moja kifuani, moja mgongoni, nyingine mapajani, zote zimefungwa kwa waya. Kifuani nimefuta jina la Papa Alexis kwa masizi na kuandika MAGAMBA. Mkia ni bomba la zamani. Siwezi kukaa. Siwezi kuinama. Nimewashwa mgongoni tangu mchana na hakuna la kufanya.

Benchi sibebi. Mpango wangu ndio huu: nitajificha nyuma ya ukuta wa kanisa, na nikisikia ngoma za mtaa wetu nitaruka mbele ya Simba wa Anga, upanga juu. Watu watanitazama mimi. Papa Alexis atanitazama mimi. Célestin atanguruma mgongoni pangu kama mtu mwenye kikohozi.

Nimetazama mbingu. Mawingu yanatoka upande wa Tshopo, lakini ni ya kupita.

Alhamisi, 30 Juni

DIPANDA! Naandika nimesimama, kwa sababu nitakazozieleza.

Kisangani nzima ilikuwa barabarani. Kengele, filimbi, watu wasiojuana wakikumbatiana, wazee wakilia bila kuona haya. Hata mimi nililia, ndani ya sufuria, na sufuria ilirudisha kilio changu kikawa kikubwa. Nchi yetu!

Nikiwa nyuma ya ukuta nikasikia ngoma. Nikaruka. Niseme nilijitupa, maana kuruka kulishindikana. Nikainua upanga, nikapaza sauti kwa Kifaransa kwamba mimi ni Chevalier Magamba. Ndipo nikachungulia chini ya ukingo wa sufuria. Haukuwa mtaa wetu. Walikuwa mamas wa kwaya, wote kitenge kimoja, na Mama Émilie kiongozi wao alikuwa ananitazama kama nimeshuka kutoka mbinguni kwa makosa.

Nilitaka kurudi. Hakuniruhusu. Akasema kwaya yao haikuwa na kitu cha kutangulia mbele, na sasa wamekipata. Wakanizunguka, wakaimba, wakaniamuru nicheze. Nikacheza! Chuma kililia kila nilipotikisa kiuno, na watu wakaanza kupiga makofi kufuata mlio huo. Nyuma sana nilimwona Célestin na pazia lake, amesimama chini, maana hapakuwa na wa kubeba benchi. Hakuna aliyemtazama. Furaha niliyoipata, Mungu anisamehe, ilikuwa kubwa karibu sawa na ile ya dipanda.

Kisha watu wakaanza kuliita jina. Nilidhani ni Magamba. Nikasikiliza vizuri. « Alexis! Alexis! » Barabara nzima! Nilikuwa nimefuta jina la kifuani. La mgongoni sikuliona.

Na pale ukingoni, chini ya mwavuli, alikuwa Papa Alexis na mama yake. Alikuwa anasikia mji ukimshangilia na hajui kwa nini. Nikapita mbele yake nikicheza. Nikageuka. Akajua kwa nini.

Ndipo mvua ikashuka. Haikuwa ya kupita. Watu walikimbia kila upande, na mimi miguu ikanipeleka ilikozoea kwenda, uani kwa Angèle. Nilipofika, wote walikuwa wamejibana jikoni: Papa Alexis, Koko Augustine, Angèle, Mama Émilie na nusu ya kwaya. Mlango haukunitosha. Nikabaki nje, mvua inapiga bati, kelele za kutisha.

Papa Alexis alinitazama mimi, akatazama bati zake. Kisha akainua macho akaona paa la majani. Uso wake ukabadilika rangi. Nilijua Angèle ameniponyoka. Kweli nilijua, na magoti yalitaka kuinama, yakazuiwa na chuma.

Koko Augustine hakunitazama. Yeye alikuwa amekinga kiganja chake hewani, anangoja tone. Akahama, akakinga pembe ile. Akakinga katikati. Kiganja kikavu. Akauliza taratibu:

« Nani alifunika hii jiko? »

Nikasema ni mimi, Koko. Akauliza nani alinifundisha. Ningeweza kudanganya vizuri, lakini maji yalikuwa yananiingia puani.

« Magamba, Koko. Kakakuona. »

Koko akanisogelea, akagusa bati la kifuani pangu kwa vidole viwili. Akamwambia mwanawe, naye Papa Alexis aliinamisha kichwa kama mtoto:

« Kwetu nyama hii njo ilifundisha watu kufunika nyumba na majani. Hatuikulaka. Wewe ulisahau, ukaenda kununua bati. Na huyu hakusahau. »

Papa Alexis akavuta pumzi ndefu. Akaniuliza kama ni mimi niliyelianza paa lile. Nikasema ndiyo, Papa. Akaniuliza kama nimelimaliza. Nikainua macho. Sikuwa nimewazia jambo hilo. Nikasema, kwa mshangao wangu mwenyewe, kwamba inaelekea nimelimaliza.

« Alors, » akasema. « Ni moja. »

Angèle alipiga kigelegele mpaka kwaya ikamfuata. Papa Alexis akaniita bokilo, mkwe, mbele ya mashahidi! Pondu lilichelewa sana, kwa kuwa sufuria haikutoka kichwani mpaka Angèle alipoimiminia mawese. Waya za mapajani bado hazijafunguka. Ndiyo maana naandika nimesimama. Sijali hata kidogo.

Jumatatu, 4 Julai

Mambo yote yamekwenda kama nilivyopanga.

Koko ameagiza majani ya jikoni yasiguswe. Basi Papa Alexis amenipa bati zake, ambazo nimezinyoosha karibu zote, nifunike chumba anacholala Koko, kwa sababu paa lake la nyasi limeoza. Jumapili ijayo wazee wa kwetu watakuja kusema mambo ya mahari, na anataka wakute kazi imekwisha. Rahisi. Asubuhi hii nimeng'oa nyasi zote. Chumba sasa kinaona mbingu vizuri.

Nilikuwa nimeshika nyundo, kweli nilikuwa nimeishika, Célestin alipopita. Hana furaha. Anasema wateja wa Tonton Hemedi wanamdai Magamba kila siku, kwa hiyo atalazimika kumpa ukurasa wa tano, katikati, mkubwa. Nikamwambia chevalier hawezi kukaa katikati ya ukurasa akiwa kwa miguu. Lazima apande farasi. Na huku nyuma Mama Émilie ametuma neno: kwaya wana harambee Jumamosi, wanamtaka Magamba atangulie. Nikifika na farasi wa chuma, shingo inayoinama, mkia unaotikisika, Célestin atachoma pazia lake.

Nimezipima bati kwa macho. Zinatosha farasi mzima, kichwa na mkia. Ni kuazima tu, mpaka Jumamosi.

Angèle amesema hajaona kitu. Papa Alexis yuko bandarini mpaka jioni. Koko amelala mchana chumbani kwake, mikono kifuani, uso juu. Mawingu yanatoka upande wa Tshopo, lakini ni ya kupita.