STD Niliyoipigia Kelele Ukweni

Leo nimejichoresha. Tena ukweni!

Nilikuwa Kamuli, nyumbani kwa kina Jovina, mchumba wangu. Ndiyo mara ya kwanza wazazi wake kuniona, na nimekuja na posa. Baba yake mfugaji, mpole, yuko na kikombe chake cha rubisi, pombe ya ndizi. Mama yake muuguzi wa zahanati. (Hilo la uuguzi mlishike.) Shikamoo zangu zimepokelewa vizuri, ndizi zimeletwa, natabasamu kama mgombea udiwani.

Simu ikaita. Advera, mwenzangu kazini. Yuko Kayanga, anafunga programu yetu ya mizani ya kahawa kwenye kompyuta ya mteja. Programu imegoma, na mteja kamsimamia mgongoni.

Nikaomba radhi, nikatoka. Mtandao nikaupata sehemu moja tu: chini ya dirisha la sebule. (Dirisha wazi.) Upepo nao unavuma, ikabidi nipaze sauti.

Kwa wasiojua mambo yetu: kuna faili linaitwa Makefile, linaielekeza kompyuta namna ya kuijenga programu. Humo unataja toleo la lugha uliyoandikia, na panaandikwa std, yaani kiwango. Sisi tuliandika kwa C++ ya kumi na saba. Faili nililompa Advera lilibaki na ya kumi na moja.

"Advera! Tatizo ni STD!"

"Nini? Sikusikii!"

"STD! Ile niliyokuachia mimi wiki iliyopita!"

Sebuleni vijiko vikanyamaza. (Nikadhani wananipa utulivu niongee. Watu wastaarabu sana hawa!)

"Sasa nifanyeje? Mteja ananiangalia!"

"Wewe unayo kumi na moja! Mimi ninayo kumi na saba na haijawahi kunisumbua! Toa hiyo, weka yangu! Na mteja asijue!"

Nikamsikia akibofya. Kisha Advera akapiga kigelegele. Imekubali!

"Amekubali!" nikapiga kelele kwa furaha, ulimi ukateleza, nikaingia ndani kifua mbele.

Hakuna aliyekuwa anakula. Jovina kainamisha kichwa. Mama yake kasimama.

"Mwanangu," akasema polepole, "STD kwetu zahanati ni magonjwa ya zinaa. Huyo Advera ni nani?"

Baba akaweka kikombe chini. "Na hizo kumi na saba zote unazo wewe?"

Jamani! Jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti. Nikafungua begi, nikatoa kompyuta mpakato, nikapiga magoti mbele ya mama na faili nimelifungua. "Soma hapa, mama. Std. Ni kiwango cha lugha!"

Akavaa miwani. "Lugha gani?"

"C++, mama."

"Inazungumzwa wapi?"

"Na kompyuta, mama."

"Waitu!" baba akashangaa. "Kinyambo chetu chenyewe hukijui, unazo lugha kumi na saba?"

Hapo Jovina akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakimbilia jikoni. Mama naye akaangua kicheko, anafuta machozi kwa kanga. Nikashusha pumzi. Nimepona!

Mama akavua miwani, akanishika bega.

"Nimekuelewa vizuri, mwanangu. Lugha ya kompyuta. Kesho asubuhi uje zahanati nikupime."

Kwa hiyo posa imepokelewa, inasubiri majibu ya maabara. Atakayecheka, pilau la harusi asiliguse.